"Kimbia, Yaya!": Historia ya Kutazama Mapenzi Katanga

Kwetu Katanga hata ziwa ni kazi ya kampuni. Tshangalele lilipatikana Union Minière ilipoziba mto Lufira pale Mwadingusha, na mwaka 1930 mitambo ya umeme ikaanza kuzunguka ili viwanda vya shaba visikose nguvu. Wavuvi wakafuata maji, soko la samaki likakua Kapolowe, na mji wa jirani, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville na leo ni Likasi, ukawa unakula samaki wa bwawa hilo. Baba yangu alikuwa fundi umeme Mwadingusha. Alipenda kutukumbusha kwamba umeme uleule uliosukuma viwanda ndio uliowasha mashine ya sinema kambini.

Sinema hiyo haikuwa sadaka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilichoka kuleta vibarua wa miezi michache na kuwarudisha makwao. Ilitaka mfanyakazi akae, aoe, azae watoto watakaorithi kazi yake. Basi ikajenga kambi zenye shule, zahanati, uwanja wa mpira, na kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha usiku. Mtu aliyekaa mbele ya kitambaa hicho hakuwa kwenye lutuku, pombe kali ya kienyeji, wala hakuwa kwenye mkutano wa siri.

Lakini picha zipi? Serikali ya kikoloni ilikuwa na tume ya kukagua filimu, na iliyofaa kwa Mzungu haikuhesabiwa kuwa inamfaa Mkongo. Watawala walishikilia pia kwamba akili ya Mwafrika haiwezi kufuata picha zinazokwenda mbio, kwa hiyo atengenezewe hadithi fupi, za polepole, zenye funzo. Waingereza nao walikuwa na imani kama hiyo: kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, walijaribu filimu za elimu na kuzizungusha Afrika Mashariki hadi Rhodesia ya Kaskazini. Usafi, kilimo, uwekaji akiba. Mapenzi hayakuwa somo. Busu la mwanamke wa Kizungu, hasa, halikutakiwa lionekane.

Baba alisema filimu za kambini ziliruka kama baiskeli iliyotoka mnyororo. Mwanamume anamsogelea mwanamke, anainamisha kichwa, mara wote wawili wako juu ya farasi na jua limezama. Kilichokuwa katikati kimebaki kwenye mkasi. Hapo ndipo uwanja ulipolipuka. Kila mtu alitoa kipande chake: huyu anadai wamebusiana, yule anaapa dada kakataa, mwingine anasema baba wa msichana katokea na bunduki. Mkaguzi alikata nukta mbili tatu, watu wakajaza robo saa. Sijui mkutano mwingine wa enzi zile ambapo kijana wa kambini aliruhusiwa kusema kwa sauti, mbele ya wazee na wakubwa wa kampuni, jinsi mwanamume anavyopaswa kumwendea mwanamke.

Ng'ambo ya mpaka, kwenye shaba ileile, mambo yalikuwa hayohayo. Hortense Powdermaker, mtaalamu wa Kimarekani, alikaa Luanshya mwaka 1953 na 1954, akaandika habari za watazamaji wa sinema wa mji ule wa migodi. Filimu za kauboi ziliwatia wazimu, na shujaa, awe nani, kwao alikuwa Jack. Kelele zao zilimshughulisha mtafiti kama zilivyowashughulisha wakaguzi. Nami naona wakaguzi walikosea mahali pa kuogopa. Walikaa na mkasi wakiwinda picha, na hatari yao, kama ilikuwa hatari, ilikuwa katika mabishano ya watu walioketi chini.

Pwani walilijua hilo mapema. Unguja ya miaka ya 1950, filimu ya Kihindi *Awara* ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, ilizungumzwa majumbani kuliko hotuba. Watu walijiuliza: je, tabia ya mtu inatoka kwenye damu au kwenye malezi? Na je, kijana achague mwenyewe au achaguliwe? Kizazi kilichofuata kikapata *Bobby*, ya mwaka 1973, ya Raj Kapoor yuleyule. Mfanyabiashara mmoja wa Kapolowe, aliyeishi Dar es Salaam ujanani, alinisimulia filimu hiyo yote akiwa anapanga samaki juu ya meza. Kijana wa tajiri anampenda binti wa mvuvi, wazazi wanagombana, watoto wanatoroka, mwishowe wanajitupa majini, na kila baba anamwokoa mtoto wa mwenzake. Wanawake wa sokoni waliacha mizani. Mmoja akauliza kwa ukali, "Na mvuvi alipewa mali gani?" Kwetu mali ndiyo mahari. Filimu ilikuwa ya Bombay, lakini swali lilikuwa la Tshangalele.

Yetu wenyewe ilikuja 1987: *La Vie est belle*, ya Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, na Benoît Lamy wa Ubelgiji. Papa Wemba ni Kourou, kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta muziki na kuishia kuwa mtumishi wa nyumbani. Anampenda Kabibi. Bwana wake, Nvouandou, tajiri mwenye klabu, amepungukiwa nguvu za kiume, na mganga amemwagiza aoe bikira bila kumgusa kwa siku 30. Bikira huyo ni Kabibi, na mama yake ameridhia.

Mimi niliiona kwa kaseti, Likasi, kwa jirani mwenye televisheni, watu wamejaa mpaka dirishani. Kaka yangu mkubwa aliwatafsiria akina mama Kifaransa cha filimu, na tafsiri yake ilikuwa ndefu kuliko maneno ya waigizaji. Kabibi alipopelekwa kwa tajiri, wasichana tulipiga kelele: "Kimbia, yaya! Kimbia!" Kwetu yaya ni dada mkubwa. Mama mmoja akatugeukia: "Na mali ya mama yake, utairudisha wewe?" Kijana wa dirishani akajibu kwa Kiswahili chetu, "Mutoto haiko mbuzi!" Wanaume walicheka udhaifu wa Nvouandou kwa sauti kubwa mno, kicheko cha mtu anayetaka aonekane hahusiki. Kisha mwanamke mzee kuliko wote pale akasema tulikuwa tunamlilia mtu asiye wa kuliliwa. Yeye alikuwa upande wa Mamou, mke wa kwanza. "Nyumba yake ndiyo inayoingiliwa, nanyi mnalia na mtoto." Kaka alisimamisha kaseti. Tulibishana hadi taa ya barabarani ikazimwa, na mwisho wa filimu tuliuona kesho yake.

Chumba kile kilikuwa na Walunda, Wabemba, Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai, watoto wa sera ileile ya kampuni ya kuwakalisha watu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa majumbani mwao Likasi, maelfu wakalala kituo cha treni wakingoja mabehewa. Msichana aliyepiga kelele kuliko sote usiku ule alikuwa Mkasai, na mchumba wake alikuwa wa huku. Familia zote mbili zilikwisha kukataa. Nilimkuta kituoni juu ya mabegi. Hakuna aliyemwambia akimbie, kwa kuwa tayari walikuwa wanakimbizwa.

Siku hizi kambi za wavuvi kandokando ya ziwa zina vibanda vya video, na filimu za Kinigeria ndizo zinazotawala. Wazee wenzangu wanalalamika kwamba zinaharibu watoto. Mimi naingia, nalipa, nakaa nyuma. Wasichana bado wanawapigia kelele waigizaji, na bado kuna mama wa kuwajibu kuhusu mali. Nafundisha historia, na nyaraka ninazoletewa ni za kampuni: tani za shaba, orodha za kambi, vibali vya filimu. Mwanafunzi wangu akitaka kuandika jinsi watu wa Tshangalele walivyopendana, nitamtuma kwanza kwa waliokaa chini, awaulize walipiga kelele wapi na nani aliwajibu. Orodha ya filimu ataipata baadaye, na atagundua kwamba haimwambii mengi.