Mpini na Makali Usambarani

Jembe ni chuma na mti, na vitu hivyo viwili havina asili moja. Katika milima ya Usambara chuma kilikuwa mgeni, mti ulikuwa mwenyeji.

Kimweri ye Nyumbai alipotawala kutoka Vuga, hata kufa kwake mwaka 1862, Wasambaa walipata majembe kwa wahunzi wa Upare, waliosifika kwa kuyeyusha chuma. Jembe la wakati ule lilikuwa na mkia uliochongoka. Mkulima alichagua mti mgumu, mkavu, wenye kichwa kinene kisichopasuka upesi. Akaupasha mkia moto, akaupenyeza kichwani mpaka ukajitobolea tundu lake. Urefu wa mpini aliukadiria kwa kimo chake na kwa mteremko wa shamba, kwa kuwa alimaye akielekea mlimani udongo humkaribia. Hakuna mhunzi aliyeweza kumfanyia kipimo hicho.

Reli kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905, na majembe ya viwanda vya Ulaya yakapata njia nyepesi. Baadaye yalizoeleka majembe yenye pete, yakazwayo kwa kabari. Namna ya chuma ilibadilika, lakini mpini uliendelea kuchongwa nyumbani.

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo, wilayani Lushoto, mpango wa kuhifadhi udongo, kisha ikaueneza Usambara. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na nia ya kuuzuia haikuwa mbaya. Lakini wakulima waliamriwa kuinua matuta katika miteremko mikali, na aliyekaidi alitozwa faini. Ardhi ilikuwa haba, kazi ikaongezeka, na sehemu kubwa ya mzigo iliwaangukia wanawake. Watu waliojua kupima mpini kwa mteremko hawakuulizwa neno juu ya mteremko wenyewe. Chuki ilikua, ikaungana na siasa ya kudai uhuru, na mwaka 1957 amri ya matuta ikaachwa.

Waswahili husema kuwa mwenye nguvu ameshika mpini, na mnyonge ameshika makali. Kwa miaka 11 mkulima wa Usambara alishika mpini alioutengeneza kwa mikono yake, na papo hapo akashika makali ya amri iliyotungwa na wengine. Udongo hauhifadhiwi kwa mkono unaokatwa.