WANAWAKE WALIOPIGA HESABU ZA ROKETI (Sehemu ya 3)

Leo tuache kidogo habari za chanjo na uji wa mtoto, tuongee historia. Mwenye mtoto begani aendelee tu kubembeleza huku anasoma.

Hivi unajua zamani kompyuta alikuwa mtu? Ndiyo, binadamu kabisa, mwenye penseli. Kule Marekani lilikuwa jina la kazi: unalipwa kupiga hesabu kutwa.

Pale Pasadena, California, kuna kituo kinaitwa Jet Propulsion Laboratory, kwa kifupi JPL. Kilianza na vijana wachache waliojaribu injini ya roketi kwenye korongo kavu, tarehe 31 Oktoba 1936. Hao wanasifiwa sana. Lakini roketi haipai kwa moto peke yake, lazima mtu akae chini ajue uzito, mafuta, na itaenda mpaka wapi. Sisi manesi tunaelewa hili. Dripu ya mtoto tunahesabu matone kwa dakika kwa kuangalia kilo zake, na ukikosea si mchezo. Sasa hesabu zao zilijaza daftari baada ya daftari.

Wa kwanza mwanamke alikuwa Barbara Canright, mwaka 1939. Moja ya kazi zake: roketi ngapi zinatosha kuinua ndege ya kivita ya tani sita na ushee? Baadaye msimamizi akawa Macie Roberts, na yeye akaamua kuajiri wanawake watupu. Aliona wanaume wa wakati ule wasingekubali kuamrishwa na mama. (Nacheka, maana wodini bado tunawajua wa hivyo.) Mwaka 1953 akaingia Janez Lawson, mwanamke mweusi aliyesomea uhandisi wa kemikali, enzi ambazo ubaguzi ulikuwa wazi kabisa.

Ila mimi aliyenigusa ni Barbara Paulson. Alianza 1948. Usiku wa 31 Januari 1958 Marekani iliporusha satelaiti yake ya kwanza, Explorer 1, yenye kilo kama 14 tu, yeye alikuwa ndani ya chumba cha kazi na karatasi za grafu, akichora njia yake kwa namba zilizokuwa zikiingia. Ishara ilichelewa kwa dakika kadhaa. Fikiria ule ukimya, kama mnavyosubiri mtoto alie. Kisha ikasikika. Imezunguka dunia!

Miaka miwili baadaye, 1960, akapata ujauzito. Akaomba tu aruhusiwe kuegesha gari karibu na jengo, kwa sababu tumbo lilishakuwa kubwa. Jibu likawa kwamba lazima aache kazi. Likizo ya uzazi haikuwepo. Ukishika mimba, kwaheri, hata kama juzi umeisindikiza satelaiti angani kwa penseli yako.

Hapo ndipo namheshimu Helen Ling, mzaliwa wa China, aliyeshika usimamizi baada ya Macie. Mama akishajifungua na mtoto akikua kidogo, Helen anampigia simu: nafasi ipo, rudi. Pia aliwasukuma wasome masomo ya usiku wapate digrii, waajiriwe kama wahandisi. Barbara alirudi 1961 akaendelea na kazi miaka mingi. Sheria ya Marekani inayokataza kumfukuza mtu kwa sababu ya ujauzito ilikuja 1978. Yaani Helen aliitangulia kwa simu ya mezani.

Kwetu Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inakupa siku 84 zenye malipo, 100 kwa mapacha, na ukirudi kazini una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba naye ana siku 3. Hizo saa mbili wengi hawazijui, na wengine wanazijua ila wanaogopa kuomba. Wewe ulipewa? Niandikie hapo chini, usitaje jina la ofisi. Kesho nikitoka zamu ya usiku nitaeleza namna ya kukamua na kutunza maziwa.