Jinsi roboti zinavyoleta duniani udongo wa anga za mbali

KUFIKA kwenye Mwezi au sayari ndogo na kuchota udongo ni nusu tu ya kazi ya vyombo vya anga visivyo na watu vinavyotumwa kuleta sampuli. Nusu nyingine ni kuufikisha udongo huo maabara ukiwa salama.

Chombo cha kwanza kufanikiwa kilikuwa Luna 16 cha Umoja wa Kisovieti, kilichorejea Septemba 1970 na gramu 101 za udongo wa Mwezi. Mtangulizi wake, Luna 15, alianguka mwezini Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 wakiwa bado huko.

Safari hizo hufanywa kwa sababu chombo kinachotua mbali hubeba mitambo michache na midogo, ilhali sampuli iliyoletwa inaweza kuchunguzwa upya kila mbinu mpya inapopatikana. Vimondo vinavyoanguka vyenyewe havitoshi, kwani huchafuliwa na maji na viumbe vya duniani.

Hatari ya hatua ya mwisho ilidhihirika Septemba 8, 2004. Kasha la chombo cha Genesis cha Shirika la Anga la Marekani (NASA), lililobeba chembe za upepo wa Jua, lilijibamiza katika jangwa la Utah kwa kasi ya zaidi ya kilometa 300 kwa saa. Parachuti hazikufunguka kwa kuwa vifaa vya kuhisi kupungua kwa kasi viliwekwa kinyume.

Hata hivyo, chembe hizo zilikuwa zimezama ndani ya vibamba vilivyozinasa. Wanasayansi walisafisha vipande vilivyookolewa, na mwaka 2011 wakaeleza kuwa uwiano wa isotopu za oksijeni na nitrojeni katika Jua ni tofauti na wa duniani.

Japani ilipata gramu 5.4 kutoka sayari ndogo ya Ryugu Desemba 2020, kupitia Hayabusa2. Septemba 2023, OSIRIS-REx ya Marekani ilileta gramu 121.6 kutoka Bennu. Humo zilikutwa asidi amino 14 kati ya 20 ambazo viumbe hai hutumia kujenga protini. Huo si ushahidi wa uhai, bali unaonyesha kuwa malighafi yake ilikuwapo angani tangu zamani.

China nayo, kupitia Chang'e 6, ilileta gramu 1,935.3 Juni 2024, zikiwa za kwanza kutoka upande wa Mwezi usioonekana duniani.

Mtihani mgumu zaidi ni Mirihi. Gari la Perseverance, lililotua huko Februari 2021, limehifadhi vipande vya miamba katika mirija. Septemba 2025, NASA ilitangaza kuwa mmoja una mwamba wenye alama zinazoweza kuwa za vijidudu vya kale.

Uthibitisho unahitaji maabara za duniani, lakini mpango wa kuifuata mirija hiyo ulikwamishwa na gharama iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 11. Hakuna chombo kilichokwisha kutumwa kuichukua.