Niliuziwa Ushauri wa Kabla ya 2012

Mwaka jana nililipia jina la tovuti lenye maneno manne yaliyounganishwa, yote kuhusu keki za harusi Nakuru. Jamaa mmoja aliniapia kwamba mtu akiandika maneno hayo kwa Google, mimi ndiye wa kwanza. Miezi sita ikapita, hata oda moja sikupata. Ikabidi nisome historia.

Kumbe ushauri wenyewe ulikuwa wa kweli, ila wa zamani. Mwaka 1999, jina Business.com liliuzwa dola milioni 7.5. Neno zuri lilikuwa kama ploti kando ya lami. Baadaye watu wakagundua kwamba jina likifanana kabisa na kile kinachotafutwa, tovuti inapanda Google hata kama ndani hakuna kitu. Basi wakanunua majina kwa mafungu, wakayajaza matangazo.

Tarehe 28 Septemba 2012, Matt Cutts wa Google akatangaza mabadiliko ya kushusha tovuti duni zilizobebwa na jina tu. Zenye kazi nzuri ndani hazikulengwa.

Maneno kwenye anwani ya ukurasa bado yanahesabika, lakini kidogo sana. Faida yake kubwa ni msomaji kujua anafungua nini. Kwa hivyo iandike fupi, ieleweke, basi.

Jina langu sijalitupa. Sasa naweka humo picha, bei na maelezo ya kila keki, vitu ambavyo ningeanza navyo.

Na wewe je, uliuziwa ushauri wa mwaka gani?