Kutoka Nyambizini Hadi Shavuni

Bigijii ya nikotini haikuzaliwa hospitalini. Asili yake ni nyambizi za jeshi la majini la Sweden. Humo sigara haikuwashwa chombo kikiwa chini ya maji, na mabaharia waliozoea kuvuta walibana ugoro mdomoni, arosto ikatulia. Claes Lundgren, mtaalamu wa fiziolojia wa Lund, aliliona hilo, na mwaka 1967 akamwandikia Ove Fernö wa kampuni ya dawa ya Leo, mjini Helsingborg. Fernö naye alikuwa mvutaji. Walichowaza ni hiki: mtu anatafuta nikotini, lakini kinachomuua zaidi ni moshi. Basi apewe nikotini peke yake.

Kazi ilikuwa kuitengeneza. Nikotini ikitoka kwa haraka humezwa pamoja na mate, ikamletea mtu kwikwi na kichefuchefu, na nyingi huharibiwa na ini kabla haijafanya kazi. Wakaifunga kwenye rezini ili itoke kidogo kidogo, wakaongeza chumvi za kupunguza uasidi wa mate, ipate kupenya shavuni. Wazee wetu wanaotia magadi kwenye ugoro hawakuhitaji maabara kulijua hilo.

Ndiyo maana bigijii hii haitafunwi kama ya kawaida. Unaitafuna taratibu hadi uhisi mwasho kama wa pilipili, unaiegesha kati ya shavu na fizi, mwasho ukiisha unatafuna tena.

Uswisi iliisajili mwaka 1978, Marekani ikairuhusu 1984. Lakini ilitolewa kwa mkono wa birika: miezi 3 hivi, basi, mtu asije akahama kutoka uraibu mmoja kwenda mwingine. Mimi hofu hiyo naiona imekuzwa. Mwaka 1986 ulianza utafiti mkubwa Marekani na Kanada, wenye wavutaji 5,887 ambao mapafu yao yalishaanza kuchoka. Kati ya waliopewa bigijii, wapo walioitafuna miaka 5 mfululizo, na haikuonekana kuwaongezea kulazwa kwa maradhi ya moyo.

Mwaka 2006 kikaja kidonge cha kuachisha sigara, vareniklini, kilichobuniwa kwa kuichunguza sitisini, dawa ya mti wa laburnum iliyouzwa Bulgaria tangu miaka ya 1960. Ili kupima kama kuongeza muda wa dawa kunasaidia, watafiti wakawachukua watu ambao wiki 12 za kidonge hicho ziliwatoa kwenye sigara. Kundi moja likaendelea nacho wiki 12 zaidi, jingine likapewa kidonge kitupu. Kufikia wiki ya 24, asilimia 70.5 ya walioendelea na dawa walikuwa hawajagusa sigara, dhidi ya 49.6 ya wenzao. Mwaka ulipotimia zilibaki 43.6 kwa 36.9. Wanaosema tofauti hiyo ni ndogo husahau kwamba tangu wiki ya 24 hakuna kundi lililokuwa likipewa dawa tena.