Watoto wa Misheni ya Bagamoyo

Misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa ikiishia Bagamoyo. Hapo hapo, kaskazini kidogo ya mji, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, na ndani yake shule. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi. Lilikuja kufungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Kwa hiyo wanafunzi wa kwanza hawakuletwa shuleni na wazazi wao. Wengine walinunuliwa sokoni Zanzibar. Wengine walitolewa kwenye majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza, wakakabidhiwa kwa misheni.

Kazi yenyewe ilianzia Unguja mwaka 1860, alipofika Padre Armand Fava kutoka kisiwa cha Réunion akiwa na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Masista hawa wanastahili kukumbukwa kuliko wanavyokumbukwa. Shirika lao liliundwa mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa Réunion, na lilipokea wanawake weusi na weupe bila kuwatenga. Kwa hao ndiko alikolelewa Suema, binti wa Kiyao aliyempoteza mama yake njiani katika msafara. Alipofika Zanzibar alikuwa amekonda kiasi cha kudhaniwa kuwa amekufa, akafukiwa mchangani. Aliokolewa akiwa hai. Baadaye alimsimulia maisha yake Padre Antoine Horner, na simulizi hiyo ikachapishwa Ufaransa. Horner ndiye aliyeongoza kazi ya misheni kuhamia Bagamoyo.

Mambo yalikwenda kasi. Mwandishi wa habari Stanley alipopita mwaka 1871 akienda kumtafuta mpelelezi Livingstone, alikaribishwa chakula na mapadre, akasikia wavulana wakipiga matarumbeta na kuimba nyimbo za Kifaransa. Aprili 1872 kimbunga kikaiangusha misheni karibu yote, ikabidi kuanza upya. Februari 1874 mwili wa Livingstone, ulioletwa na watumishi wake akina Chuma na Susi kutoka bara, ulilazwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar.

Siku ya mtoto iliendeshwa na kengele: sala, darasa, shamba, na sala tena. Mabruda walifundisha useremala na uhunzi. Minazi ilipandwa kwa wingi, kwa kuwa misheni ilitaka kujilisha yenyewe. Vijana walipokomaa waliozeshwa wao kwa wao, wakapewa nyumba katika kijiji cha Kikristo kando ya misheni na kiwanja cha kulima. Lakini sehemu ya juma ilikuwa bado mali ya misheni. Wapo waliochoka wakatoroka. Siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyenunuliwa mara moja ana haki ya kuuliza uhuru aliopewa unaishia wapi, na shule ile, pamoja na wema wake wote, haikuwa na jibu la kutosha kwa swali hilo.

Leo wageni hupiga picha mbuyu wa misheni uliopandwa mwaka ule wa 1868, ambao shina lake limemeza mnyororo hata kikabaki kipande kidogo nje. Wengi huamini ni mnyororo wa watumwa. La hasha, ni wa punda wa Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyewahudumia wagonjwa misheni. Inasikitisha kwamba mnyororo wa punda una umaarufu mkubwa kuliko wanafunzi wenyewe.

Maana walifanya makubwa. Misheni ya Mhonda ilipofunguliwa mwaka 1877, kisha Mandera 1881 na Morogoro 1882, mapadre hawakwenda peke yao. Walifuatana na familia za vijana waliotoka Bagamoyo. Ndio waliokata miti, wakajenga, wakalima, wakawafundisha wenyeji sala kwa Kiswahili. Matumaini ya kupata mapadre katika kizazi kile hayakutimia. Mapadre Waafrika wa kwanza wa nchi hii walipewa daraja mwaka 1917, mbali na pwani, upande wa Bukoba. Lakini kuanzia Bagamoyo hadi milima ya Nguu na Uluguru, darasa la kwanza la Kikatoliki lilijengwa kwa mikono ya watu waliowahi kuuzwa utotoni.