Kariakoo: Jina Tulilolitaja Utotoni

Sisi tuliolelewa katika mitaa iliyo kati ya Mnazi Mmoja na Msimbazi tulilijua neno Kariakoo kabla hatujajua kuhesabu. Kwetu lilikuwa neno la harufu: dagaa, tangawizi, nazi na jasho. Uani tulicheza mchezo wa soko. Mmoja aliuza majani akayaita mchicha, mwingine alijitwika mto kichwani akawa hamali. Uhamali huo aghalabu alipewa mtoto mdogo kuliko wote, kwani hamali ndiye aliyechekwa. Na mvivu wa masomo aliambiwa kuwa ataishia kubeba magunia. Hakuna aliyetueleza kuwa jina la soko lenyewe ni jina la wachukuzi.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Herufi mbili za mwisho za jina hilo hazitamkwi, na ulimi wa Mswahili ukalimaliza kwa irabu, kama ufanyavyo kwa maneno mengi ya kigeni. Nairobi nako wanalo soko lenye asili hiyo hiyo, ila wao wameibakiza "r": Kariokor.

Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wakaweka kambi ya wapagazi hapo lilipo soko. Soko lilipoanza mwaka 1923, kambi ilikwisha kuondoka, lakini jina halikuondoka. Halikuondoka hata mwaka 1975, lilipofunguliwa jengo jipya lililosanifiwa na Beda Amuli.

Kwa nini jeshi lilihitaji watu wengi kiasi hicho? Magari yalikuwa machache na barabara mbaya, na wanyama wa mizigo waliangamizwa na maradhi ya mbung'o. Kwa hiyo unga, risasi na majeruhi vilipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Wajerumani nao walitumia wapagazi, wengi wao wakikamatwa kwa nguvu vijijini. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu ya serikali ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache; waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, chakula kibovu na uchovu.

Neno kibarua nalo lilitudanganya. Tulidhani tangu asili ni mtu, kumbe lilikuwa barua ndogo, yaani cheti cha kazi ya kutwa. Baadaye cheti kikamwachia mtu jina lake.

Mwaka 1927 ilizinduliwa katikati ya mji sanamu ya askari mwenye bunduki. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Katika sanamu za Nairobi, mpagazi yumo miongoni mwa watu watatu.

Majuzi, katika Mtaa wa Kongo, mchukuzi aliyeinama chini ya marobota alikuwa akipiga kelele apishwe. Mtoto mmoja akamwiga mwendo, akacheka. Nilimwuliza mtoto huyo kama anajua maana ya Kariakoo. Alinitazama kwa mshangao, akanijibu kuwa Kariakoo ni hapa.